Kibao

Winchi imekuja na kibao cha bati ubavuni:
MWISHO KILO MIA MBILI. USIZIDISHE.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
ikaguliwe kila miezi mitatu,
itiwe grisi,
ipumzishwe ikipata joto.

Nilikisoma mara mbili.
Mimi ni karani wa stoo, hapa Lunga Lunga,
kazi yangu kusoma na kupiga vijiti daftarini:
vinne vya kusimama, kimoja cha kulala,
hayo ni magunia matano ya magadi,
kila gunia kilo hamsini,
kutoka mkiani mwa lori hadi tangi la kuchemshia sabuni.
Miaka kumi na mmoja ya vijiti.

Mgongo wa Kisilu haukuwa na kibao.

Alifika langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri,
amevuka reli kutoka Mukuru, viatu mkononi kwa sababu ya matope,
akasimama mstarini na wenzake
mpaka msimamizi anyooshe kidole:
wewe. Wewe. Yule mrefu.
Alikunja gunia kuukuu likawa kofia ya kichwa na shingo,
maana magadi yakikutana na jasho huchoma.
"Lete," alisema. Hakuwa na neno jingine.
Mzigo ukitua begani, magoti yake yaliitika kidogo,
kama anayemwamkia mkubwa.

Mia moja na arobaini kwa siku.
Tani saba.
Nilizijumlisha juzi usiku, bila kutumwa na mtu.

Na tulimsifu, hilo ndilo linaloniuma.
Tulimwita Tingatinga.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
nami kitini, kalamu mkononi,
niliona usufi mtupu ukipita.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nne, mvua, lori limechelewa,
gunia la tisini na tatu.
Hakuanguka. Watu hudhani mtu huanguka.
Alisimama tu, nusu ameinama,
kama aliyesahau alichokuwa akikitafuta sakafuni.
Kisha akaniambia, kwa adabu:
"Karani, hili usilihesabu."

Daktari aliinua picha kwenye mwanga:
pingili ya chini imeteleza,
imebana mshipa unaoshuka mguuni.

Mei mosi mkurugenzi alipanda jukwaani akatwambia
ninyi ndio uti wa mgongo wa kampuni hii.
Tukapiga makofi.
Uti wenyewe ulikuwa umelala juu ya ubao,
chumba cha mabati,
mkewe akiukanda kwa kitambaa cha maji moto.

Sasa winchi, ya njano, inateleza kwenye reli ya darini.
Mdomo wake wa mpira hulifyonza gunia likatii.
Kemunto huiongoza kwa vidole viwili,
Kemunto ambaye langoni hakuwahi kunyooshewa kidole.
Wapakuaji walikuwa kumi na wanne, wamebaki sita.
Wanane bado wanasimama nje alfajiri,
migongo mizima, mifuko mitupu.
Sijui hilo niliandike ukurasa gani.

Jana Kisilu alikuja na fimbo kuulizia fidia.
Karatasi zimekwama, wanasema, mahali fulani mjini.
Akaiona winchi. Akaizunguka polepole,
kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.
Kemunto akampa kidude cha kuongozea.

Akabonyeza.
Gunia likapaa, likatulia hewani usawa wa kifua chake,
halina haraka, halina mtu.
Mkono wake ukaenda chini yake wenyewe, kwa mazoea,
ukalishika tumbo.
"Kumbe dogo hivi," akasema.

Kisha akainamisha shingo, maana kiuno hakikunjiki,
akakisoma kibao hadi zile herufi ndogo.
"Grisi mnatia lini?"
"Ijumaa," Kemunto akajibu.
"Msisahau," akasema Kisilu.
Akamrudishia kidude,
akatafuta fimbo yake.